Shangazi, data yangu ya ubongo imelala na muhula haunipi nafasi

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 31, Mtanzania, niko Ujerumani mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu. Nachunguza jinsi ubongo unavyoielewa lugha, na kazi yangu hasa ni kutengeneza modeli za kompyuta zinazokadiria ubongo utafanya nini mtu anaposoma sentensi ya Kiswahili. Wasomaji wako wengi si wa fani hii, basi niruhusu nieleze kidogo.

Mtu akikutana na neno asilolitarajia, umeme unaopimwa kichwani mwake huelemea upande hasi, na kilele chake hufika yapata milisekunde 400 baada ya neno kutokea. Tunakiita N400. Marta Kutas na Steven Hillyard ndio waliokiripoti mwaka 1980. Mimi nataka kujua kama ubongo hulikisia neno kabla halijafika, na Kiswahili kinanipa njia nzuri ya kupima. Fikiria kisa cha mgeni aliyebisha hodi usiku. Mwenyeji akainuka, "akaufungua..." Msomaji anajua mlango unakuja. Lakini nikiandika "akalifungua...", kile kiambishi -li- kinamwambia kwamba si mlango tena, labda ni dirisha, na neno lenyewe bado hajaliona. Je, ubongo unashtuka hapo hapo kwenye kitenzi? Na modeli iliyofunzwa kwa matini ya Kiswahili, inashtuka kwa kiasi hicho hicho?

Data ninayo. Likizo ya muhula iliyopita nilikwenda Dar es Salaam na mashine ya kubebeka ya EEG, yaani ya kupima umeme wa ubongo, nikawavisha watu kofia za elektrodi, wakasoma sentensi zangu kwenye kompyuta. Nilirudi na diski imejaa. Tangu hapo sijaifungua, Shangazi. Kila nikitaka kuanza kusafisha zile rekodi, kuna kazi za wanafunzi zinasubiri.

Mkataba wangu ni wa miaka 3, asilimia 65 ya ajira kamili, na unanidai semina moja ya saa 2 kwa wiki kuhusu modeli za lugha na ubongo. Hiyo naipenda sana. Lakini mwenzetu mmoja aliondoka, nikaombwa nishike darasa la mwaka wa kwanza la mazoezi ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, "kwa muhula huu tu". Sasa ni muhula wa pili nalishika. Wanafunzi ni zaidi ya 60, kazi za kusahihisha kila wiki, na linafundishwa kwa Kijerumani, kwa hiyo kila somo naliandaa usiku kucha nikiogopa kukosea mbele yao. Juu ya hapo nasimamia wanafunzi wawili wanaoandika tasnifu za shahada ya kwanza. Na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu pekee mweusi kwenye idara, wanafunzi wa kigeni wote wenye shida ya viza, nyumba au upweke wanabisha mlangoni kwangu. Siwezi kuwafukuza.

Wiki iliyopita msimamizi wangu akaniambia anamwona mwalimu mzuri ila hamwoni mtafiti. Ni yeye aliyenipa darasa la Python! Nilinyamaza, nikaenda kulia chooni.

Rafiki yangu ananishauri niache ajira niombe ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo, nisifundishe kabisa. Kaka yangu naye ananipigia simu kutoka Tanga kuniambia mshika mbili moja humponyoka. Wenzangu wa maabara wanasema kinyume: changanya, wape wanafunzi wa semina data yako waisafishe kama kazi ya darasa, utamaliza kwa muhula mmoja. Mimi mwenyewe ndoto yangu ni kurudi nyumbani kuwa mhadhiri. Nikisimama mbele ya darasa najua hii ndiyo kazi yangu. Nishike lipi?

Mwalimu wa Jumatatu, Ujerumani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu, na pole zaidi kwa maneno uliyoambiwa.

Nianze na ushauri wa wenzako wa maabara, maana ndio unaoweza kukuletea madhara yasiyorekebishika. Usiwape wanafunzi rekodi za Dar es Salaam. Wale watu waliokaa na jeli nywelani na kusoma sentensi zako walitia saini fomu ya ridhaa. Toa nakala yake uisome leo. Kama haisemi kwamba data itatumika kufundishia, basi haitumiki kufundishia. Hata ukifuta majina, bado una umri, jinsia, mkono wanaoutumia, mahali walipokulia, na mkondo wa umeme wa vichwa vyao. Sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Mei 2018, inaiwekea data ya afya ulinzi mkali kuliko data ya kawaida, na Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata pasingekuwa na sheria, watu hao walikuamini wewe. Hawakumwamini mwanafunzi wa miaka 20 mwenye kompyuta mpakato kwenye basi.

Sababu ya pili ni ya kisayansi. Kusafisha EEG ni mfululizo wa maamuzi: elektrodi ipi imekufa, kupepesa macho kunaondolewaje, jaribio lipi litupwe. Mikono ishirini ikiyafanya maamuzi hayo kila mmoja kwa njia yake, utapata data ishirini, na mtahini akikuuliza ulifanyaje hutakuwa na jibu. Na ya tatu: mwanafunzi anayetafuta alama hawezi kukukatalia. Kazi yake ikiingia kwenye tasnifu yako bila malipo wala jina, umemdhulumu, hata kama alifurahia.

Hata hivyo wenzako hawajakosea kabisa. Kuchanganya kunawezekana, tena kunalipa. Kinachochanganywa ni mbinu na maswali. Data yako inakaa kando.

Angalia semina yako. Kuna hazina ya data ya wazi iitwayo ERP CORE, iliyotolewa mwaka 2021: watu 40, majaribio kadhaa ya kawaida, na N400 ni mojawapo. Imetengenezwa ili watu wajifunzie na kulinganishia. Chukua hiyo. Andika programu moja ya kuisafisha, hatua kwa hatua, na kila hatua uieleze kwa maneno ambayo mwanafunzi ataelewa kwa nini ipo. Wafundishe kwa programu hiyo kwa wiki tatu au nne. Muhula ukiisha, programu hiyo hiyo unaielekeza kwenye diski ya Dar es Salaam. Utakuwa umeshaitetea mbele ya watu wanaouliza maswali ya msingi kabisa, na sura ya mbinu ya tasnifu yako nusu yake itakuwa imekwisha andikwa kwenye maelezo ya darasani.

Nakupa mfano mmoja wa faida hiyo. Mwanafunzi atakuuliza kwa nini unachuja mawimbi ya polepole kwa hezi 0.1 na si zaidi, wakati kichujio kikali kinafanya mchoro uonekane nadhifu. Hapo unamwonyesha: kwenye data ya wazi, wanafunzi wapandishe kichujio polepole, 0.1, 0.3, 0.7, hezi 1, waone umbo linavyopinda. Tanner na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba vichujio vinavyozidi hezi 0.3 vinaweza kuzusha athari isiyokuwepo, kiasi kwamba wimbi la baadaye linaacha kivuli cha uongo mahali ambapo wewe unatafuta N400. Kwa utafiti wako hilo ni kufa na kupona, kwa sababu unatafuta mshtuko mdogo kwenye kiambishi, mahali ambapo hakuna aliyekutangulia kukuhakikishia utaonekanaje. Saa moja na nusu ya semina itakuwa imekuokoa na makosa ambayo yangekugharimu mwaka.

Sasa maswali. Mwaka 2005 DeLong, Urbach na Kutas walitumia kiambajengo kidogo cha Kiingereza, "a" na "an", kupima kitu kile kile unachokitafuta. Msomaji anayetarajia "kite", yaani tiara, anatarajia "a". Akikutana na "an", je, ubongo unaguswa kabla ya nomino? Wao waliona ndiyo. Mwaka 2018 Nieuwland na wenzake wakalirudia jaribio hilo kwenye maabara 9, watu 334. Athari ya kwenye nomino ilirudi vizuri. Ile ya kwenye "a" na "an" haikurudi. Wape wanafunzi makala hizo mbili kwa wiki moja, na usiwaambie nani yuko sahihi. Waache wabishane.

Kisha waonyeshe mlango na dirisha. Wajerumani hao hawahitaji kujua Kiswahili. Waeleze tu kwamba "an" inategemea sauti ya neno linalofuata, na neno hilo linaweza kuwa kivumishi chochote, kwa hiyo habari inayobeba kuhusu nomino ni hafifu. Kiambishi -li- kinabeba ngeli ya nomino yenyewe, hata maneno mengine yakiingia katikati. Kama ubongo unakisia mapema, hapa pana mahali pazuri zaidi pa kuuona ukifanya hivyo. Na halafu kaa kimya usikilize. Yuko atakayekuuliza: kwani hicho kiambishi hakiwezi kurejelea kitu kilichotajwa nyuma? Anaweza kuwa amelifungua dirisha lililokwisha kutajwa, na sentensi ikaishia hapo. Ni kweli, na msomaji wa Kiswahili anapokiona kiambishi hicho anaweza kurudi nyuma kutafuta badala ya kutazama mbele. Mwingine atakayekuwa ameshika sarufi kidogo atakuuliza kama msomaji hawezi kuichanganya -li- hii na -li- ya wakati uliopita. Haya ndiyo maswali ambayo watahini watakuuliza. Ni heri uyasikie kwanza kutoka kwa mwanafunzi, ukiwa bado na nafasi ya kupitia sentensi zako na kuweka alama zipi zina nomino nyingine ya ngeli hiyo mwanzoni mwa kisa.

Jambo la tatu unaloweza kulipeleka semina ni lile la modeli kukata maneno. Modeli nyingi za sasa hazisomi neno zima. Hulikata vipande kulingana na herufi zinazojirudia kwa pamoja kwenye matini zilizotumika kuifunza. "Akalifungua" inaweza kukatwa mahali ambapo hakuna mwalimu wa Kiswahili angeikata, na kiambishi chako kikamezwa ndani ya kipande kimoja na jirani zake. Hapo ukiiuliza modeli imeshtuka kiasi gani kwenye -li-, haina pa kukujibia. Wape wanafunzi wafunze modeli ndogo mbili kwa matini ya wazi ya Kiswahili, moja ikate inavyotaka, nyingine ipewe mipaka ya viambishi, walinganishe. Nadharia ya mshangao, isemayo kwamba kadiri neno lisivyotarajiwa ndivyo linavyokuwa gumu kulichakata, aliyoianzisha John Hale mwaka 2001 na Roger Levy akaiendeleza mwaka 2008, wataielewa kwa mikono yao. Wewe utapata picha ya awali ya jambo ambalo kwa Kiingereza halisumbui sana na kwa Kiswahili ndilo jambo lenyewe. Mwanafunzi akitoa kitu kizuri kinachoingia kwenye makala yako, mwombe ruhusa kwa maandishi baada ya alama kutolewa, na jina lake liingie.

Lakini usiifanye semina nzima kuwa tasnifu yako. Wamekuja kujifunza fani. Wanastahili kumjua daktari Mfaransa Broca wa mwaka 1861 na mgonjwa wake aliyebaki na silabi "tan", wanastahili mtandao wa neva wa kompyuta wa Elman wa mwaka 1990, wanastahili utafiti wa Schrimpf na wenzake wa mwaka 2021 uliolinganisha modeli za kisasa na data ya ubongo. Muhula wa vipindi 14, vinne au vitano vikikutana na utafiti wako vinatosha. Hivyo vingine viandae kwa wepesi: makala moja, mchoro mmoja ambao darasa zima linautazama kwa makini, zoezi moja. Slaidi hamsini hazimfundishi mtu.

Sasa darasa la Python, na hapa nitasema bila kuzunguka. Si lako. Halimo kwenye mkataba wako, halina uhusiano na tasnifu yako, na liko kwako kwa sababu idara ilipata pengo na wewe ukawa karibu. Usinielewe vibaya, kumfundisha kijana wa mwaka wa kwanza kuandika programu yake ya kwanza ni kazi ya heshima. Ila ni kazi ya mtu mwingine anayelipwa kuifanya. Wewe unalipwa asilimia 65, na zile 35 zilizobaki, ambazo nadhani ulifikiri ni za tasnifu, ndizo darasa hilo linazokula.

Kwa hiyo omba kikao na msimamizi. Siyo kuonana kwenye korido, siyo mwishoni mwa mkutano wa maabara. Kikao chenye saa na siku. Nenda na karatasi moja. Upande mmoja andika mkataba unasema nini. Upande wa pili andika unafundisha nini kwa kweli, pamoja na saa za kuandaa, kusahihisha na kuonana na wanafunzi, wiki moja ya kawaida. Usimlaumu wala usilie. Mwambie hivi: "Profesa, ulisema humwoni mtafiti. Nimekubali tulitazame hilo. Hizi ndizo saa zangu. Nitalimaliza darasa la Python muhula huu ili wanafunzi wasiumie, na kuanzia muhula ujao nalirudisha." Halafu nyamaza, mwache yeye azungumze.

Najua ulivyolelewa, maana nimelelewa hivyo hivyo. Kumwambia mkubwa "sitaweza" kunatuchoma. Lakini maprofesa wengi wa huko hawasomi ukimya kama adabu. Wanausoma kama ishara kwamba mzigo unabebeka. Inawezekana kabisa msimamizi wako alishasahau kwamba darasa lile lilikuwa la muhula mmoja. Sitaki kumtetea kwa yale maneno aliyokuambia, yalikuwa mazito na yalikosa haki. Nataka tu uingie mle ndani ukijua kwamba una hoja, na hoja yako imeandikwa kwenye mkataba aliousaini yeye au idara yake.

Akisema hana mtu wa kulishika, una maombi mawili ya kuweka mezani. La kwanza ni mwanafunzi msaidizi wa kulipwa kwa saa, hao wanaowaita HiWi, wa kusahihisha. Ni utaratibu wa kawaida kwenye vyuo vyao. La pili ni kurefushwa mkataba. Sheria yao ya mikataba ya muda kwa wanasayansi inaruhusu hadi miaka 6 kabla ya uzamivu, wewe umepewa 3. Na tangu marekebisho ya mwaka 2016 sheria hiyo inataka muda wa mkataba ulingane na lengo la masomo unayoyafanya. Nafasi ya kisheria ipo. Fedha ndiyo ya kuzungumza. Kama unabeba mzigo wa idara, idara ikupe muda. Lipate hilo kwa maandishi. Barua pepe fupi ya kushukuru kwa kikao, yenye kurudia mlichokubaliana, inatosha.

Kwa wiki zilizobaki za muhula huu, punguza usahihishaji bila kuwapunja. Kazi za Python zinaweza kukaguliwa na programu: unaandika majaribio madogo, mwanafunzi anaona mwenyewe palipofeli kabla hajawasilisha. Wewe unasoma kwa macho kazi chache kila wiki, kwa zamu, ili kufika mwisho wa muhula kila mmoja awe amepata maoni yako ya kweli angalau mara moja. Na hofu ya Kijerumani: waambie kwenye kipindi kijacho kwamba msimbo uko kwa Kiingereza, maelezo yako kwa Kijerumani, na wao wakusahihishe. Vijana wanapenda sana kumsahihisha mwalimu. Acha kukesha.

Kukesha kuna ubaya mwingine unaohusu sayansi yako. Mtu aliyechoka akifungua data anaanza kubahatisha, anabadilisha dirisha la muda, anatupa mshiriki mmoja, anarudisha, mpaka kitu kionekane. Wewe bado hujaifungua, na hili ambalo linakuumiza ni nafasi adimu. Kabla ya kuigusa, andika mpango wa uchambuzi: elektrodi zipi, dirisha la muda lipi, mshiriki atatolewa kwa kigezo gani, modeli ya takwimu ipi. Uandikishe hadharani kwenye moja ya hazina zinazopokea mipango kama hiyo, na ueleze waziwazi kwamba data imeshakusanywa ila haijatazamwa. Hiyo ni kazi ya asubuhi kadhaa zenye utulivu, na haihitaji muhula uishe. Ukiukamilisha, msimamizi wako atakuwa na kitu cha kukishika mkononi, na wewe utakuwa umefanya sehemu ngumu kuliko zote za kazi ya data bila kusafisha hata rekodi moja.

Chagua asubuhi mbili za wiki, zisizopakana na siku za kufundisha ikiwezekana, na uziweke kwenye kalenda ya idara kama ulivyoweka semina. Asubuhi hizo usifungue barua pepe. Nasema mbili kwa makusudi, kwa sababu ukijiahidi tano utazivunja zote ndani ya wiki ya kwanza. Kazi nzito ya mashine, yaani kufunza modeli na kusafisha rekodi zote, iache kwa miezi isiyo na mihadhara, Februari hadi Aprili na Julai hadi Oktoba. Ila usiache muhula mzima upite bila kuigusa tasnifu, maana ukirudi baada ya miezi minne unatumia wiki nyingi kukumbuka ulikuwa unafikiri nini.

Ufadhili sasa. DAAD ni jambo zuri na sina neno nao. Lakini kwa hali yako nisingeikimbia ajira. Mwenye ufadhili hahesabiwi kuwa mwajiriwa, kwa hiyo hakuna michango ya pensheni wala ya bima ya kukosa kazi. Isitoshe, ungekuwa unaiacha semina unayoipenda ili kulikimbia darasa usilodaiwa. Unataka kurudi kuwa mhadhiri. Nyumbani utakuta madarasa ya mamia, na hakuna atakayekupa miaka miwili ya kujifunza kufundisha kwanza. Semina ya wanafunzi ishirini, juu ya kitu unachokijua, ni mahali pa thamani pa kujifunzia kazi hiyo. Ibakize. Kama msimamizi atakataa yote, hatalipokea darasa, hatatoa msaidizi, hatarefusha mkataba, hapo niandikie tena, na hapo nitakuambia omba ufadhili huku unatafuta msimamizi wa pili. Kaka yako mweleze hivyo hivyo, ana haki ya kuhofia lakini hajaona mkataba wako.

Kuhusu wanafunzi wa kigeni wanaobisha hodi: sikuambii uwafungie mlango. Najua ni nini kuwa sura pekee inayofanana na yako kwenye jengo zima. Weka saa moja kwa wiki, ibandike mlangoni, na ndani ya saa hiyo wasikilize kwa moyo wote. Uwe na karatasi yenye ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, huduma ya ushauri nasaha ya chuo na ofisi ya makazi, maana mambo ya viza na nyumba yana watu walioajiriwa kuyashughulikia na wanayajua kuliko wewe. Kisha, kwenye karatasi ile ya msimamizi, iandike saa hiyo pia. Ni kazi. Idara inajisifia wanafunzi wa kigeni kwenye vipeperushi vyake, basi ione nani anayewashika wasianguke.

Wamebaki wanafunzi wako wawili wa tasnifu. Hao usiwaache, wameshaanza. Lakini onana nao pamoja, si mmoja mmoja, wakati mmoja kila baada ya wiki mbili, na kila mmoja alete ukurasa mmoja ulioandikwa. Asiyeleta ukurasa asubiri kikao kijacho. Atakayekuja mwakani kuomba usimamizi, mpe swali la zile modeli ndogo mbili za kukata maneno, au mwelekeze kwa mwingine.